Namba Zisizoenea Katika Mashine

Tuseme watu 20 wanataka kupanga foleni, nasi twataka kujua foleni hiyo yaweza kupangwa kwa njia ngapi zilizo tofauti. Twazidisha 1 kwa 2, kwa 3, kwa 4, na kuendelea hadi 20. Jawabu ni 2,432,902,008,176,640,000, na kompyuta ya kawaida hulipata kwa kufumba na kufumbua. Sasa aje mtu wa ishirini na moja. Programu ile ile, ikiwa imeandikwa kwa namba za biti 64 katika lugha kama Java, itatoa jawabu la hasi 4,249,290,049,419,214,848. Foleni imekuwa na njia pungufu ya sifuri! Mashine haikusimama, haikulalamika, wala haikutoa onyo lolote.

Sababu yake si ngumu kueleweka. Kompyuta huweka namba katika visanduku vya ukubwa maalumu. Kisanduku cha biti 64 kina nafasi 64, kila moja ikichukua 0 au 1. Nafasi moja ikitengwa kwa ajili ya alama ya chanya au hasi, namba kubwa kabisa inayoenea humo ni 9,223,372,036,854,775,807. Ikizidi hapo hutokea jambo linalofanana na mita ya gari yenye tarakimu tano, ambayo baada ya 99,999 hurudi kwenye sifuri kana kwamba gari halijapata kwenda popote.

Huenda msomaji akauliza ni nani mwenye haja ya namba kubwa kuliko hizo. Haja ipo, tena iko mifukoni mwetu. Mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman, wa chuo cha MIT nchini Marekani, walibuni njia ya kuficha habari inayotegemea ugumu wa kutafuta vigawo vya namba kubwa mno. Njia hiyo, iitwayo RSA kwa herufi za kwanza za majina yao, ingali inatumika kulinda mawasiliano ya mabenki na ya simu. Namba zake kwa kawaida ni za biti 2048, yaani tarakimu 617 kwa maandishi yetu ya kawaida. Namba ya namna hiyo hujaza visanduku 32 vya biti 64. Katika kazi hii kukadiria hakufai: tarakimu moja ikikosewa, ujumbe wote huharibika, au siri huweza kuvuja.

Hesabu za darasani ndani ya mashine

Kazi hii hufanywa na maktaba ya programu, yaani mkusanyo wa programu ndogo zilizoandikwa mara moja ili waandishi wengine wazitumie bila kuziandika upya. Maarufu miongoni mwa maktaba za namba kubwa ni GMP, iliyoanzishwa na Torbjörn Granlund na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1991. Ndani yake namba ni safu ya visanduku vinavyopangwa kuanzia chenye thamani ndogo, pamoja na hesabu ya idadi yao na alama ya chanya au hasi. Kila kisanduku huhesabiwa kama tarakimu moja. Sisi tuna tarakimu kumi, 0 hadi 9. Mashine hii ina tarakimu 18,446,744,073,709,551,616. Mbali na hayo, kanuni ni zile zile za shule ya msingi: panga namba, anza na mamoja, peleka inayozidi kwenye nafasi inayofuata.

Basi ugumu uko wapi? Tuanze na kujumlisha. Lugha nyingi za programu hazimwambii mwandishi kwamba kisanduku kimefurika, hivyo hana budi kuvumbua mwenyewe. Ujanja unaotumika ni huu: jumla ikiwa ndogo kuliko mojawapo ya namba zilizojumlishwa, basi kisanduku kimefurika na kuna 1 ya kupeleka mbele. Tuchukue kisanduku chenye nafasi ya tarakimu moja tu ya kawaida. 6 na 9 ni 15. Kisanduku kinabaki na 5. 5 ni ndogo kuliko 6, basi peleka 1. Ujanja umefaulu.

Lakini katikati ya safu mara nyingi kuna 1 nyingine iliyotoka nyuma. Mwandishi asiye mwangalifu atajumlisha vyote vitatu kwa pamoja, kisha apime mara moja. 6 na 9 na 1 ni 16. Kisanduku kinabaki na 6. Je, 6 ni ndogo kuliko 6? La. Hivyo ile 1 inayopaswa kwenda mbele hupotea, na jumla yote huwa ya uongo. Sharti apime mara mbili, baada ya kila hatua ya kujumlisha.

Na msomaji aangalie kosa hili hutokea lini: ni pale tu tarakimu ya pili inapokuwa 9. Katika visanduku vya biti 64, hiyo 9 ni kisanduku kilichojaa 1 tupu, na kwa namba zilizochaguliwa kwa bahati nasibu jambo hilo hutokea mara moja tu katika majaribio 18,446,744,073,709,551,616. Mashine inayojaribu visanduku bilioni moja kwa sekunde ingehitaji zaidi ya miaka 500 kutarajia kukutana na kosa hilo mara moja. Programu yaweza kupita kila mtihani, ikasambazwa nchi nzima, na bado ikawa mbovu.

Kwa maoni yangu, anayeanza kujifunza kazi hii afadhali afuate busara ya lugha ya Python, ambayo katika kompyuta nyingi za leo huweka biti 30 tu katika kisanduku cha biti 32. Nafasi mbili zinazoachwa wazi hupokea kile kinachozidi, na ule ujanja wa kupima hauhitajiki kabisa. Kasi hupungua, lakini mtego umeondolewa.

Kuzidisha hakuna mitego mingi, bali kuna jasho. Namba mbili za visanduku 32 zikizidishwa kwa njia ya shuleni huhitaji kuzidisha mara 1,024. Mwaka 1960 mwanahisabati mkuu wa Moscow, Kolmogorov, alidhani kwamba haiwezekani kupunguza kazi hiyo kwa kiasi kikubwa. Kijana Anatolii Karatsuba, mwenye umri wa miaka 23, alimpinga kwa hoja katika muda wa wiki moja. Kwa 47 mara 83 tafuta 4 mara 8, yaani 32. Na 7 mara 3, yaani 21. Kisha 11 mara 11, yaani 121. Ukitoa 32 na 21 katika 121 unabaki na 68, nayo ndiyo makumi. Jumla ya 3,200 na 680 na 21 ni 3,901. Umezidisha mara tatu badala ya nne, na katika namba ndefu faida hiyo hurudiwa ndani ya kila nusu.

Kugawanya

Hapa ndipo penye kazi. Mtoto anayegawanya namba ndefu hukisia tarakimu ya jibu, huzidisha, na akiona amezidisha mno hufuta na kukisia upya. Mashine nayo hukisia, lakini haiwezi kujaribu tarakimu mabilioni kwa mabilioni moja baada ya nyingine. Yahitaji kisio lililo karibu sana na kweli.

Kanuni iliyozoeleka imeelezwa na Donald Knuth katika juzuu ya pili ya kitabu chake The Art of Computer Programming, iliyotoka mwaka 1969. Kwanza, namba zote mbili huzidishwa kwa kiasi kimoja ili kigawanyo kianze na tarakimu kubwa, yaani 5 au zaidi kwa namba zetu. Tukigawanya 1,000 kwa 199 kwa kutazama tarakimu za mwanzo tu, tutakisia 9, ilhali jibu ni 5. Tukizidisha zote kwa 5 tunapata 5,000 na 995. 50 kwa 9 ni 5, na kisio ni sahihi. Knuth anathibitisha kwamba baada ya matayarisho hayo kisio haliwezi kuzidi jibu kwa zaidi ya 2.

Sasa tugawanye 4,100 kwa 588. 41 kwa 5 ni 8. Hatua ya pili hutazama pia tarakimu ya pili ya kigawanyo, nayo hulipunguza kisio likawa 7. Lakini 7 mara 588 ni 4,116, imezidi kwa 16. Hapo lazima mashine irudi nyuma: iongeze 588 iliyotolewa kupita kiasi, ishushe 7 iwe 6, na baki liwe 572.

Hatua hiyo ya kurudi nyuma ni adimu sana. Kwa visanduku vya biti 32 huhitajika takriban mara moja katika bilioni mbili. Mwandishi aliyeisahau atagawanya maisha yake yote bila kuona dosari, na Knuth mwenyewe alionya kwamba namba za kuijaribia zitungwe kwa makusudi. Ndiyo maana GMP ina chombo cha kuzalisha namba zenye mfululizo mrefu wa 0 na wa 1, kwa kuwa hizo ndizo zinazofika kwenye pembe zisizotembelewa.

Kwamba hofu hii si ya vitabuni tu ilionekana mwezi Januari 2015. Watunzaji wa OpenSSL, maktaba inayolinda sehemu kubwa ya mawasiliano ya dunia, walitangaza kwamba programu yao ya kuzidisha namba kubwa kwa namba hiyo hiyo iliweza kutoa jawabu lisilo sahihi. Katika kompyuta za biti 64 uwezekano wake ulikuwa mara moja katika 2 kwa kipeo cha 128. Walieleza kwamba haikujulikana njia yoyote ya adui kuutumia udhaifu huo, ila athari yake kamili ilikuwa vigumu kuipima. Kosa lilisahihishwa.

Kwa kuwa majaribio hayatoshi, wataalamu wengine wamegeukia uthibitisho wa kihisabati, ambapo kompyuta yenyewe hukagua kila hatua ya hoja. Mwezi Novemba 2017 programu ya Firefox ilianza kutumia hesabu zilizothibitishwa kwa namna hiyo, kwa namba za biti 255. Kwa namba za urefu wowote, Guillaume Melquiond na Raphaël Rieu-Helft wa Ufaransa walieleza mwaka 2020 maktaba yao iitwayo WhyMP, iliyoundwa kwa kufuata kanuni za GMP, ambamo kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya vyote vimethibitishwa.