Kiatu cha Baiskeli Milimani: Mwanamke Achagueje kwa Fedha Kidogo?

Jiji la Mbeya limo katika mwinuko wa mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na milima imelizunguka. Anayetoka mtaa wa Soweto kwa baiskeli, akaiacha barabara kuu iendayo Zambia, hakawii kukutana na kilima. Baiskeli za gia zimepunguza taabu ya kupanda, lakini mara nyingi msichana au mama aliye juu yake amevaa ndala au yeboyebo. Viatu vilivyotengenezwa mahususi kwa kazi hiyo vina bei isiyomfaa mwanafunzi wala mwalimu wake. Yabaki mafungu ya mitumba, ambamo kiatu kizuri na kibovu hulala pamoja. Sayansi ya kidato cha pili yatosha kuvitenganisha.

Tuanze na kani. Mwendeshaji mwenye tungamo la kilo 55 akisimama kwa mguu mmoja juu ya pedeli huikandamiza kwa kani ya newton 540 hivi. Ndala, kwa ulaini wake, hujikunja kufuata umbo la pedeli. Tuseme kani hiyo yote yapita katika eneo la sentimeta 10 za mraba. Kanieneo itakuwa newton 54 kwa kila sentimeta ya mraba. Soli ngumu ikiieneza katika sentimeta 50 za mraba, kanieneo hushuka hadi newton 11 hivi. Ganzi ya vidole na maumivu ya wayo hutokana na tofauti hiyo. Hata hivyo soli isiwe kama ubao, kwa maana katika vilima vyetu hakuna asiyeshuka akasukuma. Shika kiatu kwa ncha na kisigino, ukikunje: kipinde penye vidole, kikatae katikati.

Pili ni msuguano. Njumu za mpira wa miguu hazifai, kwani meno yake machache ndiyo pekee yanayogusa pedeli, na wakati wa masika huteleza. Tafuta soli bapa ya mpira yenye mikato mifupi. Pengine utakuta kiatu chenye mifuo miwili chini ya soli. Hicho kiliundwa kufungiwa kipande cha chuma kinachonaswa na pedeli ya pekee, mtindo ambao kampuni ya Shimano iliuleta kwa baiskeli za milimani mwaka 1990. Kama mifuo hiyo bado imefunikwa kwa mpira, kinunue bila kusita. Kama iko wazi na pembeni ni plastiki tupu, kitateleza juu ya pedeli ya kawaida.

Jambo la tatu lilinigharimu mwenyewe. Nilipata raba nzuri ajabu, nyeupe, soli haijachakaa hata kidogo. Siku ya tatu, nikipanda kuelekea mlima Loleza, soli ilimeguka vipande kama mkate mkavu, nikarudi peku nikikokota baiskeli. Muuzaji hakunidanganya, maana naye hakujua. Soli nyingi nyepesi hutengenezwa kwa povu la poliuretani. Katika baadhi ya aina zake, unyevu wa hewa huvunja viungo vya esta vinavyoshikilia molekuli ndefu, tendo liitwalo hidrolisisi, na tendo hilo huendelea hata kiatu kikiwa kabatini miaka mingi bila kuvaliwa. Kwa hiyo upya wa sura si ushahidi. Bonyeza ubavu wa soli kwa ukucha: ikinata, ikipasuka au ikitoa unga, kirudishe kwenye fungu.

Na mguu wa mwanamke? Mwaka 2001 Wunderlich na Cavanagh, waliolinganisha miguu ya wanaume na wanawake nchini Marekani, walionyesha kwamba mguu wa kike si mguu wa kiume uliopunguzwa. Hutofautiana kwa umbo, hasa uvungu wa wayo, upande wa nje na kidole gumba. Rangi ya waridi haina habari na hayo. Pima unyayo wako jioni, wakati umevimba kidogo. Ukiwa sentimeta 24, ongeza 1.5 za nafasi, kisha zidisha kwa 1.5: utapata namba 38 ya Ulaya. Namba za Kimarekani zina mtego, kwani 8 ya kike hukaribia 6.5 ya kiume. Msichana asiogope basi kupekua viatu vidogo vya kiume, ambavyo wanunuzi wake ni wachache. Akifunge kamba, apande ngazi. Kisigino kikiinuka ndani, hicho si chake.

Akishakipata, ampelekee fundi viatu aishone soli kuizunguka, kwani gundi peke yake haistahimili matope. Ncha za kamba azichomeke ndani, hasa za mguu wa kulia, uliko mnyororo.