Dalali Anayeitwa Shangazi

Mabango ya kupinga usafirishaji haramu wa binadamu hupenda picha ya mikono iliyofungwa minyororo. Mtowisa, bondeni mwa Ziwa Rukwa, chini ya milima ya Ufipa, mnyororo wa namna hiyo haujulikani. Binti aliyemaliza darasa la saba na kukosa kidato cha kwanza huondoka mchana kweupe na begi lake, wazazi wamembariki, nauli kalipa shangazi wa mbali. Kuna kazi za ndani mjini, mshahara utatumwa nyumbani. Kaka yake naye huahidiwa ndama akachunge ng'ombe wa watu.

Sheria ipo. Ile ya mwaka 2008 dhidi ya usafirishaji haramu humtia hatiani anayemsafirisha mtoto ili anyonywe, hata kama mtoto mwenyewe alikubali. Ile ya ajira ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Lakini kesi huhitaji mlalamikaji, na ni ukoo gani utakaompeleka shangazi polisi? Pengine shangazi mwenyewe hajui kama ametenda kosa. Anachojua ni kwamba mwajiri kamtumia hela ya soda.

Hapo igizo huweza kufanya kazi ambayo askari haiwezi. Shangazi wa jukwaani hana ukoo. Kijiji kizima kitamcheka, kitamzomea, na mwenye shangazi wa kweli atacheka pamoja na wenzake huku akiwaza.

Ila inategemea igizo ni la nani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Malya, mkoani Mwanza. Hawakwenda na igizo lililokwisha kuandikwa. Waliishi na wanakijiji, wakachimbua matatizo pamoja nao, vijana wa hapo wakayatungia ngoma na maigizo, kisha watu wakakaa kujadili cha kufanya. Mwaka 1996 Mlama na Lihamba wakaanzisha Tuseme: wasichana wa sekondari hutunga wenyewe igizo kuhusu yanayowakwamisha, na kulicheza mbele ya walimu wao. FAWE, shirika la kutetea elimu ya wasichana, likaupeleka mpango huo nchi nyingine za Afrika.

Linganisha na tamasha la uhamasishaji tulilolizoea: fulana mpya, mgeni rasmi aliyechelewa, hotuba ndefu kuliko igizo. Jioni magari hupanda mlima kurudi Sumbawanga. Dalali hubaki bondeni.

Igizo ninalolitamani Mtowisa lingekatishwa njiani, kwa mtindo ambao Mbrazili Augusto Boal aliueneza duniani. Binti yuko stendi, gari linapiga honi, mchezaji anawageukia watazamaji: mwajiri anaitwa nani? Anakaa mtaa gani? Namba yake anayo nani? Mwenyekiti wa kijiji ameandika wapi? Asiyeridhika aingie uwanjani acheze nafasi ya mama.

Igizo halijazi ghala, na nyumba iliyokosa mpunga itamsikiliza dalali hata baada ya kupiga makofi. Lakini angalau itamwuliza maswali, na dalali hapendi maswali.

Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba, na dalali anaijua kalenda hiyo kuliko maofisa wengi. Walimu na vijana wa Mtowisa, anzeni mazoezi kabla matokeo hayajatoka.