CHIPSI ZETU: MAFUTA GANI YANAFAA?

Siku hizi chipsi zinapendwa sana. Sisi wa Mpale tukishuka Mombo au Korogwe mjini, tunazikuta zikikaangwa karibu na stendi. Lakini tunauliza zimekaangwa kwa mafuta gani?

Mafuta ni ya aina mbili. Yako ya wanyama, kama shahamu ya ng'ombe, mafuta ya nguruwe na samli. Yako ya mimea, kama ya alizeti, karanga na mawese.

Shahamu huvumilia moto, na chipsi zake huwa kavu na tamu. Huko Ubelgiji na Uingereza wako wanaoitumia mpaka leo. Ubaya wake ni huu: tazama mchuzi wa nyama ukipoa, mafuta huganda juu. Mafuta ya namna hii yakiliwa kwa wingi huongeza lehemu katika damu. Lehemu ikizidi, mishipa ya damu huzibwa kidogo kidogo. Mwisho wake ni ugonjwa wa moyo au kiharusi.

Mafuta ya alizeti, inayolimwa sana Singida, hayagandi upesi. Hayo ni bora kwa moyo. Lakini tusidanganywe na neno "mimea". Mawese nayo huganda. Tena, mwaka 1990 kampuni ya McDonald's ya Marekani iliacha shahamu, ikatumia mafuta ya mimea yaliyogandishwa kiwandani. Baadaye wataalamu waliona kuwa mafuta hayo yanaumiza moyo kuliko hata shahamu. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likazitaka nchi zote ziyaondoe katika chakula.

Basi tufanye nini?

1. Tutumie mafuta ya maji, kama ya alizeti. Yakianza kutoa moshi, tupunguze moto.

2. Mafuta ni ghali, kwa hiyo wengine hurudia yale yale siku nyingi. Yakiwa meusi, mazito au yenye harufu kali, yamwagwe. Kuongeza mapya juu yake hakuyasafishi.

3. Mwenye kibanda aseme kweli. Mwislamu hali mafuta ya nguruwe. Kumficha ni kumdhulumu.

4. Chipsi zisiwe chakula cha kila siku. Viazi vya kuchemsha na maharage hushibisha bila hatari hiyo.

Afya ni mali. Tuilinde.

MASWALI YA KUJADILIANA
1. Mafuta gani huganda yakipoa?
2. Utajuaje kuwa mafuta yamechoka?