Saa ya Mwili na Mzee Anayetetemeka

Je, msomaji, nyumbani kwako kuna mzee ambaye asubuhi huenda msikitini bila shida, lakini ifikapo jioni mikono inatetemeka na miguu inagoma? Usiharakishe kusema anadeka. Huenda ana maradhi ya Parkinson, na maradhi hayo yana saa zake.

Karibu kila seli ya mwili ina protini zinazoongezeka na kupungua kwa mzunguko wa takriban saa 24. Saa kuu imo ubongoni, na hurekebishwa na mwanga unaoingia machoni. Kwa miaka mingi mambo haya yalichunguzwa hasa kwa panya, ilhali panya hukesha. Nyani ni kama sisi: wakulima wa kando ya Mto Tana wanajua jinsi anavyovamia shamba mchana, kisha jua likitua anapanda mtini kulala. Mwaka 2018, watafiti wa Marekani na Ufaransa, pamoja na wenzao wa Taasisi ya Utafiti wa Nyani iliyoko Nairobi, walitoa matokeo ya kupima sehemu 64 za mwili wa nyani kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Zaidi ya asilimia 80 ya jeni za kutengeneza protini zilipanda na kushuka kwa saa maalumu katika sehemu moja au nyingine. Sehemu za ubongo zinazoongoza mwendo zilikuwa miongoni mwa zilizopimwa.

Katika Parkinson, seli zinazotoa dopamini, kemikali inayolainisha mwendo, hufa polepole. Saa ya mwili nayo huvurugika: mgonjwa husinzia mchana na kukesha usiku. Dawa yake kuu, levodopa, hudumu saa chache tu.

Hapa Garissa kuna jambo la kuangaliwa. Chakula chetu ni nyama na maziwa ya ngamia, na protini nyingi huizuia dawa hiyo kufika ubongoni. Kwa kawaida humezwa nusu saa kabla ya kula. Wakati wa Ramadhani wako wanaorundika dozi zote kati ya futari na daku, au kuziacha kabisa. Kuikatiza ghafla kunaweza kuleta homa kali na mwili kukakamaa. Mwone daktari kabla mwezi haujaandama. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga.

Mtoe mzee barazani asubuhi apate mwanga kabla ya jua kali. Miraa ya jioni imwondokee. Tena andika daftarini saa anazotetemeka na saa anazomeza dawa, uje nalo kliniki.