Ukiumia kazini, usitulizwe na 'pole' ya M-Pesa

Unaishi Kamenu. Kila alfajiri unarauka kwenda kibarua kiwandani Thika, au kukarabati reli ya Nanyuki. Siku moja chuma kinakuponda kidole. Bosi anakutumia elfu mbili na kukwambia, "Pole, pumzika." Yaishie hapo?

Zii. Sheria ya fidia ya 2007, maarufu WIBA, inakulinda, hata ukiwa mwanagenzi. Huna mkataba wa maandishi? Hata wa mdomo ni mkataba.

Mjulishe mwajiri mara moja. Akishajua, ana siku 7 za kumwarifu Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Ukinyamaza miezi 12, haki yako inaweza kupotea. Hifadhi stakabadhi za hospitali, picha na majina ya walioshuhudia.

Usikimbilie kortini. Mwaka wa 2019 Mahakama ya Juu iliidhinisha sheria hii, kwa hivyo madai huanzia kwa Mkurugenzi. Usiporidhika na uamuzi wake, una siku 60 za kuupinga. Ukigonga mwamba, kata rufaa Mahakama ya Leba.

Anayelemaa kabisa kwa maisha hulipwa mapato ya miezi 96. Jeraha dogo hupata sehemu yake. Piga hesabu hiyo kabla ya kutia sahihi karatasi yoyote ya bosi.