Jasho ndani ya gambuti: Kausha miguu, usivue buti kazini

Wafagiaji wa masoko, wachuma chai, wafanyakazi wa mjengo na wakulima wa mpunga hushinda kutwa nzima ndani ya gambuti au buti za ngozi. Ifikapo saa sita mchana, soksi huwa zimelowa. Baadhi yao huamua kuvua buti na kuendelea na kazi kwa malapa. Hapo ndipo msumari, kipande cha chupa au jembe huukuta mguu usio na kinga, na jeraha la aina hiyo linaweza kuleta pepopunda.

Suluhisho ni kukausha miguu, soksi na buti zenyewe.

Kwa nini miguu hunuka?

Nyayo ni miongoni mwa sehemu za mwili zenye tezi nyingi zaidi za jasho. Jasho lenyewe halina harufu kali. Lakini mpira wa gambuti haupitishi hewa, hivyo ngozi hulowa na kulainika, na bakteria wanaoishi juu yake huongezeka. Hao ndio huleta harufu. Fangasi pia hustawi katika joto na unyevu huo. Dalili zake ni mwasho, ngozi nyeupe inayobambuka na mipasuko, hasa katikati ya vidole vya mwisho.

Mambo ya kufanya

• Osha miguu kila siku kwa maji na sabuni, kisha ikaushe vizuri katikati ya vidole kabla ya kuvaa soksi.

• Beba soksi za ziada na uzibadilishe wakati wa chakula cha mchana. Soksi za pamba hunyonya jasho lakini hukawia kukauka, kwa hivyo jozi moja haitoshi kwa siku nzima.

• Jioni, toa soli ya ndani, jaza magazeti makuukuu ndani ya buti na uziweke penye hewa. Usizikaushe kando ya jiko, kwani joto kali hupasua ngozi na kuachanisha gundi.

• Ukiweza, vaa jozi mbili za buti kwa zamu.

• Usiazimane buti, soksi wala taulo. Fangasi huambukiza.

Ukiwa tayari na fangasi, muulize mhudumu wa duka la dawa kuhusu krimu ya klotrimazoli. Itumie hadi mwisho wa muda ulioelekezwa, hata mwasho ukikoma mapema. Ukiiacha njiani, fangasi hurudi. Usipake mafuta ya taa wala maji ya betri, kwani huunguza ngozi.

Nenda kituo cha afya mguu ukivimba, ukiwa mwekundu na wenye joto, ukitoa usaha, au ukipata homa. Wenye kisukari wasisubiri hata kidogo. Ugonjwa huo unaweza kufisha hisia za miguu, na kidonda kidogo kikawa kikubwa kabla hakijagunduliwa. Wanashauriwa kukagua nyayo zao kila jioni.

Wajibu wa mwajiri

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri kuwapa viatu vya kinga vinavyofaa wafanyakazi wanaokumbana na maji au vitu vyenye madhara kazini. Mfanyakazi naye anatakiwa kuvivaa. Ikiwa buti ulizopewa zinavuja, zinabana au zinatumiwa na watu wawili kwa zamu, mweleze msimamizi wako mapema, kabla miguu haijaharibika.