Mabibi wa Harare na sisi mafrateri

Wengi wetu hudhani huduma ya afya ya akili kwa wagonjwa wa nje lazima iwe mikononi mwa daktari bingwa tu. Mwaka 2006, huko Mbare, Harare, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza na mabibi 14, wahudumu wa afya wa jamii. Waliketi na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, wakamsikiliza, wakamsaidia kuchagua tatizo moja la kuanza nalo. Lakini bibi ana msimamizi: mwenye mawazo ya kujiua hupelekwa kwake, na ikibidi kwa daktari. Hapo ndipo tunapojikwaa sisi mafrateri. Mtu akitulilia, tunamwombea, tunamwambia avumilie, kisha tunamwacha arudi nyumbani peke yake.